Kesi ya ardhi ya jamii za asili ufungue wapi: mahakama za nchi, Mahakama ya Afrika Mashariki au Banjul?

Siku boma linapochomwa, au notisi ya kuhama inapobandikwa kwenye mti wa mkutano, jamii inasimama mbele ya milango mitatu kwa mpigo. Wa kwanza ni mahakama za nchi yenyewe. Wa pili ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Wa tatu ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, ambayo kwa wakazi wengi wa Afrika Mashariki ndiyo njia pekee iliyobaki ya kufika kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu (hapa tunaiita Mahakama ya Afrika). Kila mlango una muda wake, ushahidi unaoutaka na kitu unachoweza kukupa. Wakili wa jamii za asili kama Waogiek, Waendorois, Wasengwer, Wamaasai wa Loliondo au Wabatwa akichagua mlango kwa mazoea, jamii ndiyo inayolipa, na hulipa kwa miaka.

Msimamo wetu tuuweke mezani mapema. Karibu kila mara kesi ianzie nyumbani, kwa sababu daftari la hati za ardhi liko huko na hakuna jaji wa nje anayeweza kulifungua na kuandika jina la jamii. Lakini miezi 2 ya Arusha ihesabiwe tangu siku ya kwanza, maana ikipita hairudi. Banjul ni ya jamii iliyokwisha kugonga kote, tena iliyojipanga kungoja.

| | Mahakama za nchi | Mahakama ya Afrika Mashariki | Tume na Mahakama ya Afrika |
|---|---|---|---|
| Muda wa kufungua | Hutegemea aina ya shauri na nchi | Miezi 2 | Muda wa kuridhisha baada ya njia za ndani (mahakama za nchi) kwisha |
| Njia za ndani ziishe kwanza? | Rufaa na mabaraza maalumu yana mpangilio wake | Hapana | Ndiyo, isipokuwa zimecheleweshwa kupita kiasi |
| Kinachopatikana | Hati, kufutwa kwa hati, fidia, zuio | Tamko la ukiukwaji, zuio la muda | Kutambuliwa kwa jamii, kurejeshewa ardhi, fidia |
| Kinachoangusha mara nyingi | Mamlaka ya mahakama na uwakilishi | Muda na ramani | Njia za ndani na utekelezaji |

Mahakama za nchi: daftari liko hapa, mitego pia

Mtego wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1913 Wamaasai walishtaki katika mahakama ya kikoloni kuhusu kuhamishwa Laikipia. Hawakushindwa kwa sababu ushahidi wao ulikuwa dhaifu. Mahakama ilisema mikataba ya 1904 na 1911 ilikuwa ya kidola, kwa hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Mpaka leo pingamizi la mamlaka ndilo silaha ya kwanza ya upande wa serikali, na mara nyingi linaweza kuzuiwa kwa kufikiri siku mbili tatu kabla ya kuandika hati ya madai.

Nchini Kenya, mgogoro wa ardhi huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mahakama hiyo ina hadhi sawa na Mahakama Kuu lakini mamlaka yake ni tofauti, na Mahakama ya Juu ilithibitisha hilo mwaka 2017. Ukifungua Mahakama Kuu kesi ambayo kiini chake ni ardhi, eti kwa sababu umeipamba kwa haki za binadamu, inaweza kuondolewa baada ya miaka miwili bila shahidi hata mmoja kusikilizwa. Na kama unachopinga hasa ni leseni ya tathmini ya athari za mazingira, kwanza kuna Baraza la Kitaifa la Mazingira na siku 60 za kukata rufaa. Ukiliruka, utaambiwa urudi ukaanzie huko, na siku 60 zitakuwa zimekwisha.

Kenya ina faida ambayo nchi nyingi jirani hazina. Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 inaruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya kundi au kwa maslahi ya umma, na inasema hakuna ada ya kuanzisha shauri la haki za msingi. Ibara ya 260 inaitaja waziwazi jamii ya asili inayoishi kwa uwindaji na ukusanyaji. Ibara ya 63(2)(d) inaiita ardhi ya mababu, na ardhi iliyokaliwa kijadi na wawindaji na wakusanyaji, ardhi ya jamii.

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipo, kwa sababu ibara inayotangulia, ya 62, inasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma. Msitu huohuo mmoja una baba wawili ndani ya Katiba moja. Hati ya madai inayotaja ibara ya 63 peke yake na kunyamazia ya 62 inamwachia wakili wa serikali uwanja mtupu. Ishambulie hoja ya ibara ya 62 wewe mwenyewe. Onyesha kwamba kutangazwa kwa msitu kulifanyika juu ya haki iliyokuwapo tayari, toa tarehe ya tangazo katika gazeti rasmi, kisha toa ushahidi wa makazi ya kabla ya tarehe hiyo. Kwa hoja za namna hiyo Waogiek wa Chepkitale, Mlima Elgon, walishinda Bungoma mnamo Septemba 2022 dhidi ya uamuzi wa mwaka 2000 uliogeuza ardhi yao kuwa hifadhi ya wanyama.

Usidhani kwamba nyumbani ni haraka. Kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1997 ilipata hukumu Machi 2014, miaka 17 baadaye. Mahakama iliiagiza Tume ya Ardhi ya Taifa iwasajili wanajamii na kuwatafutia ardhi ndani ya mwaka mmoja. Kati ya kesi hiyo kufunguliwa na kuamuliwa, kundi jingine la Waogiek, wa Tinet, lilishindwa mwaka 2000, na mojawapo ya hoja zilizowaangusha ilikuwa kwamba wameacha kuishi kama mababu zao: wanalima, wanajenga, wanafanya biashara. Kwa hiyo usimwandae shahidi kuigiza maisha ya mwaka 1900. Mwandae aeleze ukweli kwamba mtu anaweza kufuga nyuki na kupanda viazi kwa wakati mmoja, na kwamba kubadilika kwa maisha hakufuti uhusiano wake na msitu.

Njia ya Tume ya Ardhi ya Taifa kuhusu dhuluma za kihistoria inahusu matukio ya kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Dirisha lililofunguliwa na marekebisho ya 2016 lilikuwa la miaka 5, likafungwa Septemba 2021. Kabla ya kuitegemea njia hiyo, soma sheria ya Tume kama ilivyo siku unayoandika, pamoja na marekebisho yote.

Nchini Tanzania mpangilio ni mwingine kabisa. Jamii za asili hazitajwi kwa jina katika sheria, kwa hiyo kesi hujengwa juu ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa wakili vitu vinavyoshikika: mipaka ya kijiji, cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, na mamlaka ya mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji inaweza kushtaki kwa jina lake. Lakini kabla ya kuishtaki serikali unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya 2020 notisi hiyo inahusu serikali za mitaa pia, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Siku 90 ni nyingi kwa mtu ambaye ng'ombe wake wamezuiliwa. Ndiyo maana mawakili huomba Mahakama Kuu zuio la Mareva: amri ya kulinda hali iliyopo wakati notisi ikisubiri kuiva. Liombwe wiki hiyohiyo notisi inapopelekwa, likiwa na hati ya kiapo inayoeleza hasara isiyoweza kulipika kwa fedha.

Kama unapinga tangazo la waziri, fikiria mapitio ya mahakama: kibali huombwa ndani ya miezi 6. Na ukitaka njia ya haki za kikatiba, jua kwamba tangu 2020 mwombaji anatakiwa kuapa jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Asasi ya Dar es Salaam haiwezi tena kusimama peke yake mahali pa mfugaji wa Ngorongoro. Mfugaji mwenyewe awe mwombaji.

Mahakama ya Afrika Mashariki: mlango mpana, muda mfupi

Mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu au chombo cha kisheria, anaweza kulalamikia sheria, uamuzi au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Haulazimiki kumaliza njia za ndani. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge mwaka 2022, Wabatwa wa Kivu nao wanaweza kugonga hapa.

Muda ni miezi 2 tangu kitendo, au tangu mlalamikaji alipokijua. Mawakili wengi walitarajia kwamba madhara yanayoendelea yangeanzisha hesabu upya kila siku. Divisheni ya Rufaa ilikataa mwaka 2012 katika kesi ya IMLU, asasi ya haki za binadamu ya Kenya, dhidi ya serikali ya Kenya: hesabu inaanza na kitendo, haisogei kwa sababu maumivu hayajaisha. Sasa linganisha na Tanzania. Siku 90 za notisi ni ndefu kuliko miezi 2. Wakili anayesubiri notisi ikomae nyumbani ndipo aifikirie Arusha, amekwisha kuchelewa. Andaa majalada mawili kwa pamoja tangu wiki ya kwanza, kila moja na swali lake: nyumbani unauliza ardhi ni ya nani, Arusha unauliza kama serikali imeheshimu utawala wa sheria na haki za watu kama Mkataba unavyotaka katika ibara za 6 na 7.

Kesi ya kujifunzia ni ya vijiji vinne vya Loliondo, kaskazini mwa Tanzania: Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash. Ilifunguliwa Septemba 2017 baada ya maboma kuchomwa Agosti. Zuio la muda lilitoka Septemba 2018, mwaka mmoja baadaye. Tarehe 30 Septemba 2022 Divisheni ya Mwanzo iliitupa kesi: ilisema haikuthibitishwa kwamba watu waliondolewa kwenye ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 Divisheni ya Rufaa ilitengua hukumu hiyo na kuagiza kesi isikilizwe upya. Katikati ya yote hayo, Juni 2022, mipaka iliwekwa kwenye kilomita za mraba 1,500 za ardhi iliyokuwa ikigombaniwa, kesi ikiwa bado mahakamani.

Kesi hiyo inafundisha mambo mawili. Zuio la Arusha ni karatasi muhimu, lakini halina askari wa kulisimamia. Na swali lililoitikisa kesi nzima lilikuwa dogo mno kwa sura: boma hili lilikuwa upande gani wa mstari?

Hati zote huandaliwa kwa Kiingereza. Tenga fedha ya tafsiri ya maelezo ya kila shahidi, na ya mkalimani wa Kimaa siku ya kusikilizwa. Anayetafsiri kijijini asiwe ndugu wa mlalamikaji.

Banjul: haki pana kuliko zote, safari ndefu kuliko zote

Mlango wa moja kwa moja wa Mahakama ya Afrika umefungwa kwa mtu binafsi na asasi katika nchi zetu nyingi. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kuwaruhusu kushtaki moja kwa moja, na tangu 22 Novemba 2020 mkazi wake hawezi tena kufungua shauri jipya moja kwa moja, ingawa mahakama yenyewe iko Arusha. Rwanda iliondoa lake 2016. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo hazijawahi kutoa tamko hilo. Kinachobaki ni kupeleka malalamiko kwenye Tume, na Tume ikiona inafaa, yenyewe ndiyo inayoyapeleka Mahakamani. Ombi la kupelekwa Mahakamani liandikwe mapema, usisubiri mpaka Tume iwe imeamua suala la kupokea shauri.

Sheria ya hapa ndiyo tamu. Katika kesi ya Waendorois wa Kenya, iliyofunguliwa 2003 baada ya Mahakama Kuu ya Nakuru kuwakatalia 2002, Tume iliamua Novemba 2009 kwamba kuwaondoa kwenye Ziwa Bogoria tangu 1973 kulivunja haki zao za dini, mali, utamaduni, rasilimali na maendeleo. Waogiek walilalamika Tume mwaka 2009, Tume ikaipeleka kesi Mahakamani 2012, amri ya muda ikatoka Machi 2013, hukumu 26 Mei 2017, na hukumu ya fidia 23 Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali, pamoja na amri ya kurejesha ardhi kwa hati ya jamii. Wabatwa wa Kahuzi-Biega, Kongo, waliotolewa msituni miaka ya 1970, walifungua Tume mwaka 2015; uamuzi wa kuwapa ushindi ukatangazwa 2024.

Hakuna mahakama ya nchi ya Afrika Mashariki iliyowahi kueleza haki ya ardhi ya mababu kwa upana huo. Ndiyo maana hata wakili asiyekusudia kwenda Banjul anapaswa kuyasoma maamuzi ya Waendorois na Waogiek neno kwa neno na kuyatumia nyumbani: ibara ya 2(6) ya Katiba ya Kenya inaiingiza mikataba iliyoridhiwa katika sheria ya nchi.

Kinachokwamisha ni ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, yenye masharti saba. Mawili huwaangusha watu wazuri bila kutarajia. Malalamiko yasiwe na lugha ya matusi kwa serikali. Barua ya wazee iliyojaa hasira ya haki kabisa iandikwe upya kabla ya kuambatishwa. Na yasitegemee habari za magazeti peke yake. Sharti kubwa zaidi ni njia za ndani. Kesi ikiwa bado inasikilizwa nyumbani, Tume itasema usubiri, isipokuwa uonyeshe imevutwa kupita kiasi. Uvutaji huo uthibitishwe kwa orodha: tarehe ya kila ahirisho, nani aliliomba, kwa sababu gani. Karani wa ofisi yako aianze orodha hiyo tangu siku kesi ilipofunguliwa, kwa sababu kuikusanya miaka sita baadaye kutoka kwenye majalada ya masjala ni kazi ya miezi.

Usidai kila haki iliyoandikwa. Waogiek walishinda kwenye ibara za 1, 2, 8, 14, 17, 21 na 22, lakini hoja ya haki ya uhai chini ya ibara ya 4 ilikataliwa. Mahakama ilisema ibara hiyo inahusu uhai wa mwili, si riziki. Hoja iliyokataliwa hupewa nafasi kubwa na upande wa pili wakati wa kujadili fidia.

Kinachoangusha kesi mlango wowote

Uwakilishi. Wamaasai waliotolewa Mkomazi walipofika Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1999, nafuu iliwahusu wadai 53 waliotajwa tu. Maelfu waliobaki hawakuwa wamewakilishwa kwa utaratibu unaotakiwa. Katika kesi ya Mulbadaw huko Hanang, Wabarabaig walioshinda Mahakama Kuu walinyang'anywa ushindi mwaka 1985, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati huo. Watu waliozaliwa hapo, wenye wazee waliozikwa hapo, walishindwa kwa jambo ambalo kila mtu chumbani alilijua ila halikuandikwa kwenye ushahidi.

Kwa hiyo muhtasari wa mkutano uliotoa idhini ya kushtaki uwe na tarehe, akidi, majina na saini au dole gumba la kila aliyehudhuria, wanawake na vijana wakiwemo, jina la wakili, na ni nani anaweza kutoa maelekezo au kuiondoa kesi. Kijijini Tanzania upigwe mhuri na kusainiwa na mwenyekiti na mtendaji. Kenya, kama jamii haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ianze usajili sambamba na kesi. Kamati yake huwa na wajumbe 7 hadi 15, na ardhi isiyosajiliwa hushikwa na kaunti kwa niaba ya jamii, hali inayoleta mkanganyiko wa nani hasa ndiye mdai. Kwa kesi ya uwakilishi, omba kibali cha mahakama kwanza na tangazo litoke kabla ya kusikilizwa.

Makundi yanayoshindana ndani ya jamii moja hujitokeza fedha zinapokaribia. Katiba ya chama cha jamii ieleze fidia itagawanywaje kabla hukumu haijatoka, wakati bado hakuna cha kugombania. Na wakili asiombe sehemu ya ardhi au asilimia ya fidia kama malipo. Kenya, mapatano ya kulipwa kesi ikishinda tu ni batili chini ya Sheria ya Mawakili.

Ramani. Kila boma, kaburi, mzinga, mti wa tambiko na kisima kipewe nambari, picha yenye tarehe, jina la mwenye nacho na jina la aliyepima. Hapa kuna kosa ambalo halionekani kwa macho. Simu hupima kwa mfumo wa WGS84, wakati ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania, pamoja na mipaka ya hifadhi iliyochorwa juu yake, ziko kwenye Arc 1960. Tofauti kati ya mifumo hiyo miwili kwenye latitudo zetu ni takriban mita 300. Ukibandika nukta za simu juu ya ramani ya zamani bila kuzigeuza, boma lililo mita 200 nje ya hifadhi linaweza kuonekana liko ndani. Mpimaji aliyesajiliwa katika nchi husika afanye ugeuzaji huo, aandike ametumia vipimo gani, na awe tayari kuhojiwa.

Viapo. Mzee asiyesoma anapoapa kwa dole gumba, hati ya kiapo iseme imesomwa na kutafsiriwa kwake kwa lugha anayoielewa, na mtafsiri ataje jina lake na asaini. Hati bila maelezo hayo huondolewa, na ikiondolewa kiapo cha shahidi mkuu hubaki vichwa vya habari tu. Viapo hamsini vyenye sentensi zilezile, majina tu yakibadilishwa, ni vibaya kuliko vinane vilivyoandikwa kwa maneno ya mashahidi wenyewe. Wakili wa serikali huvisoma viwili sambamba mbele ya jaji, na kazi imekwisha.

Kumbukumbu za zamani. Kwa Kenya, ripoti ya Tume ya Ardhi ya 1934 na majalada ya wakuu wa wilaya katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, mara nyingi yanawataja hao hao watu ambao serikali leo inasema ni wavamizi. Afisa wa kikoloni aliandika ili awahamishe. Ushahidi wake leo unathibitisha kwamba walikuwapo.

Uchague vipi

Notisi imetoka wiki hii na watu bado wako kwenye ardhi: nenda mahakama ya nchi kuomba zuio, huku jalada la Arusha likiandaliwa lifunguliwe kabla ya siku ya 50. Zile siku kumi zilizobaki ni za saini zinazokosekana na mtandao unaokatika.

Jamii ilitolewa miaka 30 iliyopita: Arusha imefungwa. Anza nyumbani kwa shauri la kikatiba, ueleze ucheleweshaji kwa ukweli, na liandike tangu mwanzo kwa ibara za Mkataba wa Afrika ili kila hoja iwe imepitia mahakama ya ndani. Hoja ambayo hukuitoa nyumbani, Banjul wataiuliza.

Wabatwa wa Uganda, waliotolewa Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991, walifungua Mahakama ya Katiba 2013, na 2021 wakapata uamuzi unaopeleka suala la fidia Mahakama Kuu. Ni miaka minane kufika nusu ya njia. Jamii iliyo katika hali hiyo, yenye uamuzi mzuri usiotekelezwa, ndiyo inayofaa kufikiria Tume, kwa sababu kinachothibitishwa hapo ni kwamba njia ya ndani ipo kwa jina tu.

Mwekezaji yuko tayari kuzungumza na jamii ina umoja: mapatano yaliyosajiliwa kama amri ya mahakama yanaweza kuleta hati mapema kuliko hukumu yoyote. Ila yasainiwe baada ya jamii kupewa taarifa zote kwa lugha yake na muda wa kutosha kukataa.

Baada ya hukumu

Kikosi kazi kilichoundwa na Kenya mwaka 2014 kushughulikia uamuzi wa Waendorois kilimaliza muda wake bila ardhi kurejeshwa. Novemba 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya hukumu ya fidia, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena Sasimwani, Mau. Ushindi wa Waogiek ni wa kweli na ni wa bara zima. Lakini ulihitaji ofisi ya pili ya kazi, ile ya utekelezaji, na bajeti ya ofisi hiyo haiandikwi kwenye maombi mengi ya ufadhili.

Iandike. Nyumbani, mali ya serikali haikamatwi kulipa deni la hukumu: Kenya unachukua cheti cha amri dhidi ya serikali, unakipeleka kwa afisa mhasibu wa wizara, unaomba amri ya kumlazimisha, na asipotii unaomba ashtakiwe kwa kudharau mahakama. Kila hatua ina jalada lake na gharama zake. Kwa sababu hiyo nafuu iombwe kwa namna inayotekelezeka. Badala ya kuomba "serikali iitambue ardhi ya jamii", omba Msajili wa Ardhi aliyetajwa kwa cheo chake asajili eneo lililo kwenye mchoro wa mpimaji ulioambatishwa, kwa jina la jamii kama lilivyo kwenye usajili, ndani ya siku 180, na aripoti mahakamani kila baada ya siku 60. Tarehe ya ripoti ya kwanza iingie kwenye kalenda ya ofisi siku ileile hukumu inaposomwa.